Kemia, Kemia ya Viwandani au Biokemia? Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kuomba Shahada Ukiwa Nairobi

Kila mara tovuti ya KUCCPS, huduma ya serikali ya Kenya inayopanga wanafunzi vyuoni, inapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Nina wastani wa B, kemia nimepata B+, nijaze nini?" Miezi kadhaa baadaye huja ujumbe wa pili: "Nimeitwa kusoma biokemia, lakini nilidhani nitafanya kazi hospitalini. Naweza kuhama?" Huu wa pili ndio unaoniuma, kwa sababu wakati huo milango mingi imeshafungwa.

Mimi nilisoma kemia, nikafanya kazi ya kukagua ubora katika kiwanda cha sabuni Industrial Area, na siku hizi kila Jumamosi nakaa na vijana wa mtaani kwetu Umoja tukijaza maombi yao. Nimeona makosa yale yale yakirudiwa na watoto werevu kabisa. Hawakosei kwa uvivu. Wanachagua jina la kozi bila kufungua kuona kilichomo ndani.

Hapa chini nafuata mpangilio ninaoufuata nao mezani. Hatua ya pili usiiruke hata kama una haraka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yenye gredi ya kila somo. Wastani peke yake hautoshi.
- Nambari yako ya mtihani wa KCSE na mwaka ulioufanya.
- Nambari ya cheti cha kuzaliwa na ile ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Moja kati ya hizo, ile shule iliyotumia kukusajili, ndiyo nenosiri lako la kwanza.
- Laini ya simu iliyo yako, na barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe.
- Ada ya maombi kwenye M-Pesa. Kiasi utakiona kwenye tovuti yenyewe. Usikubali kuambiwa na mtu wa saiba.
- Daftari na kalamu. Simu haitoshi kwa kazi ya kulinganisha.
- Siku mbili tulivu. Ukiianza kazi hii saa tano usiku wa siku ya mwisho, utajaza chochote.

## Hatua ya 1: Elewa tofauti ya kozi hizi kwa kutumia maziwa

Ukimuuliza kijana tofauti ya kemia na biokemia, mara nyingi atakwambia biokemia "ina bayo ndani". Ni kweli, ila haimsaidii kuamua. Kwa hiyo huwa naweka kikombe cha maziwa mezani, yale ya kupimiwa dukani, na kuuliza: ungependa kujua nini kuhusu maziwa haya?

Mtu wa kemia atauliza kama ni safi. Je, yameongezwa maji? Je, kuna aliyeyatia haidrojeni peroksidi ili yasichache njiani? Atachukua kiasi kidogo, apime, arudie kupima, kisha aandike jibu kwa tarakimu. Raha yake ni kujua kitu gani kimo ndani na ni kiasi gani. Miaka yake minne itajaa kemia ya kaboni, kemia isiyo ya kaboni, kemia fizikia na uchanganuzi, pamoja na hisabati na fizikia ambazo wengi hawakuzitarajia.

Mtu wa biokemia atauliza protini za maziwa zinafanya nini. Kwa nini yakichacha yanaganda? Ndani ya maziwa mabichi kuna kimeng'enya kiitwacho fosfatasi alkali, ambacho huharibika maziwa yanapopashwa moto vizuri kiwandani. Kikipatikana bado kinafanya kazi kwenye pakiti, ujue maziwa hayakupashwa moto wa kutosha, au yamechanganyika na mabichi. Ukisikia hivyo ukataka kujua zaidi kuhusu kimeng'enya chenyewe, kinavyokunjika na kwa nini moto unakiua, biokemia inakuita. Utasoma vimeng'enya, umetaboli, jenetiki, biolojia ya molekuli na kinga ya mwili.

Mtu wa kemia ya viwandani atauliza: tukiwa na lita elfu kumi, tutazipashaje zote joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15, tuzipoze, tuzifungashe, na kila pakiti itoke sawa na mwenzake bila hasara? Huyu atasoma kemia, lakini pia mitambo, michakato ya uzalishaji, polima, mafuta na sabuni, udhibiti wa ubora, na katika vyuo vingine uongozi wa biashara.

Kuna pia kemia ya uchanganuzi, ambayo ni yule mtu wa kwanza aliyeamua kuzama kwenye mashine za kupimia: kromatografia, spektrofotomita na jamaa zake.

Onyo: usichague biokemia kwa sababu ulikuwa unaipenda baiolojia na kuiogopa kemia. Kemia ya kaboni itakufuata mpaka huko, na hesabu za mchanganyiko utazifanya kila wiki maabarani.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kumweleza mzazi wako, kwa sentensi mbili na bila kutaja jina la kozi, swali gani unataka kulijibu kazini.

## Hatua ya 2: Anza na mlango wa kutokea

Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Binamu yangu alimaliza biokemia akiwa na alama nzuri. Alipanga vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, akaenda kuomba kazi katika maabara ya hospitali moja hapa jijini. Msimamizi aliyapanga makaratasi yake mezani moja baada ya jingine, akayasoma yote kwa heshima, kisha akamuuliza, "Leseni yako iko wapi, kijana wangu?" Hakuwa nayo. Hakujua hata kwamba inahitajika. Miaka minne chuoni, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Sheria iko hivi. Kupima damu na mkojo wa wagonjwa ni kazi ya mtaalamu wa maabara za tiba, na lazima awe amesajiliwa na bodi iitwayo KMLTTB. Njia ya kuifikia ni kusoma sayansi ya maabara za tiba katika chuo ambacho bodi hiyo inakitambua. Shahada ya biokemia, hata ukiwa wa kwanza darasani, si njia hiyo.

Milango mingine ya kuikagua ni hii:

Ualimu. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, inataka masomo mawili ya kufundisha, uwe ulipata angalau C+ katika kila moja kwenye KCSE, na uwe na mafunzo ya ualimu. Ukitaka kufundisha kemia sekondari, njia iliyonyooka ni shahada ya elimu katika sayansi. Ukipitia shahada ya kemia tupu, itabidi uongeze diploma ya uzamili ya elimu, na bado uwe na somo la pili. Biokemia si somo la sekondari, kwa hiyo mwenye shahada hiyo hukwama kwenye swali la masomo mawili.

Ufamasia. Mfamasia husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu baada ya kusoma shahada ya famasia. Mkemia anaweza kuajiriwa kiwanda cha dawa kukagua ubora, na ni kazi nzuri sana, lakini hawi mfamasia.

Udaktari. Kuna wanaoichukua biokemia kama chumba cha kusubiri, wakiamini watavuka kwenda udaktari mwaka wa pili. Naomba usijenge maisha yako juu ya tumaini hilo. Hata aliyemaliza biokemia, akiingia udaktari kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza kama wengine, tena mara nyingi kwa kujilipia.

Sasa, milango iliyo wazi ni mingi, na inasikitisha kwamba haitajwi. Shirika la viwango KEBS, pale South C, lina maabara za kupima bidhaa. Idara ya Mkemia wa Serikali huchunguza vielelezo vya kesi mahakamani. Utafiti unafanyika KEMRI (wa tiba), ILRI kule Kabete (wa mifugo) na icipe kule Kasarani (wa wadudu). Viwanda vya rangi, sabuni, vinywaji, dawa, mbolea na vyakula vimejaa kuanzia Industrial Area hadi Ruaraka na Athi River, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kukagua ubora. Jambo moja tu uliweke akilini: kwenye utafiti, hasa wa biokemia, nafasi nyingi nzuri hudai shahada ya pili. Ukichagua njia hiyo, hesabu miaka sita au saba tangu mwanzo, si minne.

Chukua daftari. Andika kazi tatu ambazo ungefurahi kuamkia. Mbele ya kila moja andika: *nani ananipa ruhusa ya kuifanya?* Kama ni bodi, tafuta kwenye tovuti ya bodi hiyo shahada wanayoikubali.

Umefaulu ikiwa kila kazi uliyoandika ina shahada iliyothibitishwa mbele yake. Kama kazi zote tatu zinahitaji kozi nyingine, shukuru umejua leo. Funga mwongozo huu, nenda kaiombe hiyo nyingine.

## Hatua ya 3: Ingia kwenye tovuti na usome pointi zako

Ingia kwa nambari ya mtihani, mwaka wa KCSE na lile nenosiri la kwanza. Likikataliwa, jaribu nambari ya KCPE kabla ya kuhangaika. Wengi husajiliwa na shule kwa nambari wasiyoikumbuka. Vyote vikikataa, mwalimu mkuu wa shule yako ndiye anayejua kilichoandikwa.

Badilisha nenosiri hapo hapo. Kisha tafuta pointi zako za kila klasta, yaani kundi la masomo manne yanayotumika kwa kozi fulani.

Kuwa makini hapa. Tangu KCSE ya 2023, wastani unahesabiwa kwa hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Hivyo kemia yako inaweza kuachwa nje ya wastani ikiwa uliianguka. Kwenye kozi hizi haiachwi. Nimekutana na kijana mwenye wastani wa B aliyekosa kuhitimu kwa sababu ya kemia peke yake.

Wastani wa chini wa kuingia shahada yoyote ni C+. Juu ya hapo, kila kozi katika kila chuo ina masharti yake ya masomo. Yasome moja moja. Kozi mbili zenye jina linalofanana, katika vyuo viwili tofauti, zinaweza kutofautiana kwenye sharti la fizikia au hisabati.

Onyo: achana na vikokotoo vya pointi vinavyozunguka WhatsApp. Vingine vinatumia fomula ya zamani. Idadi inayohesabika ni ile tovuti inayokuonyesha ukiwa umeingia kwa akaunti yako.

## Hatua ya 4: Fungua kozi uone uniti zake

Nenda kwenye tovuti ya chuo chenyewe, tafuta idara, pakua orodha ya uniti, yaani masomo yanayounda kozi, za miaka yote. Mwaka wa kwanza uuruke kwanza, kwa maana karibu kozi zote za sayansi hufanana huko: hisabati, stadi za mawasiliano, misingi ya kemia. Tabia ya kozi huonekana mwaka wa tatu.

Chora safu tatu daftarini: *viumbe na seli*, *vipimo na nadharia*, *viwanda na biashara*. Kila uniti ya mwaka wa tatu na wa nne iweke safu yake. Kisha hesabu.

Msichana mmoja jirani yetu alifanya zoezi hili nikimtazama. Alikuja akiwa ameshaamua biokemia. Alipofika uniti ya kumi na moja, kalamu ikasimama. "Mbona hapa kila kitu ni seli?" akauliza. Alichokuwa anataka ni kutengeneza vipodozi. Tukafungua kemia ya viwandani, akakuta uniti za polima na udhibiti wa ubora, na uso wake ukabadilika. Dakika arobaini na karatasi moja ndivyo vilivyofanya kazi hiyo.

Angalia pia mambo mawili: kama kuna atachimenti (mafunzo ya vitendo kazini) iliyoandikwa ndani ya kozi, na kama mwaka wa nne una mradi wa utafiti. Kozi isiyo na atachimenti inakuachia mzigo wa kujitafutia uzoefu mwenyewe, na waajiri wa viwandani huuliza jambo hilo kwanza.

## Hatua ya 5: Nenda ukaone maabara

Kwa aliye Nairobi hatua hii ni nauli tu. Kemia na biokemia za Chuo Kikuu cha Nairobi ziko Chiromo, karibu na Museum Hill. Unaweza kutembea kutoka mjini. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa kando ya barabara ya Thika. JKUAT iko Juja, kilomita 36 hivi kutoka jijini. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko Haile Selassie Avenue.

Nenda siku ya kazi, saa za asubuhi, ukiwa na kitambulisho. Langoni sema kwa adabu kwamba unataka kuona idara. Ukifika, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu na umuulize maswali haya: Mnafanya mazoezi ya maabara mkiwa wangapi kwenye kifaa kimoja? Mashine ya kromatografia umeigusa mwenyewe au umeichorewa ubaoni? Wenzako wa juu walifanya atachimenti wapi?

Swali la mashine ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mhitimu aliyewahi kuingiza sampuli kwa mkono wake, akakosea, akarudia, anajulikana dakika ya tano ya usaili.

Fikiria pia safari. Maabara za alasiri huchelewa kwisha. Ukiishi Rongai na chuo kiko Juja, hesabu nauli ya kwenda na kurudi pamoja na msongamano wa jioni, au kodi ya chumba. Zungumza na mzazi kuhusu pesa hizi sasa.

## Hatua ya 6: Panga chaguo zako

Tovuti hukuonyesha pointi za mtu wa mwisho aliyeingia kila kozi miaka iliyopita. Zilinganishe na zako.

Chaguo la kwanza liwe lile unalolitaka kwa moyo, hata kama pointi zako zinakaribiana tu na za mwaka jana. Yanayofuata yawe kozi ile ile au ndugu yake katika vyuo ambavyo pointi zako zinavizidi kwa nafasi ya wazi. La mwisho liwe la hakika, lakini liwe kozi ambayo ukiitwa utaenda. Usijaze kozi usiyoitaka kwa ajili ya kujaza nafasi tu, kwani mfumo haujui kwamba ulikuwa unajaza tu. Utaitwa huko.

Pointi za mwisho hupanda na kushuka kila mwaka kulingana na walioomba. Kuzidi kiwango cha mwaka jana kwa sehemu ndogo ya pointi si usalama.

Nakili msimbo wa kila kozi daftarini na uulinganishe na ulioujaza, tarakimu kwa tarakimu. Jina moja la kozi lina misimbo mingi, mmoja kwa kila chuo, na kosa la tarakimu moja hukupeleka kaunti nyingine.

## Hatua ya 7: Lipa, hifadhi, hakikisha

Lipa kwa maelekezo ya tovuti, kisha rudi uone kama chaguo zako zimehifadhiwa. Malipo kupita si ushahidi kwamba maombi yamepokelewa. Piga picha ya ukurasa, ujitumie kwenye barua pepe.

Ukitumia saiba, usimwachie mhudumu nenosiri, na toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Rudi uangalie tena siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Ukiona chaguo limebadilika bila wewe kujua, badilisha nenosiri kwanza, kisha rekebisha.

Akitokea mtu anayedai ana "mkono ndani" wa kukuwekea nafasi kwa pesa, mkatalie. Nafasi hugawiwa kwa pointi.

Umefaulu ikiwa ukiingia upya, kwa simu nyingine, unaona chaguo zako zote kwa mpangilio uliouandika daftarini. Usipopata nafasi katika awamu ya kwanza, subiri dirisha la marekebisho uchague kati ya kozi zilizobaki na nafasi. Rudi hatua ya nne, usianze kubahatisha.

## Hatua ya 8: Baada ya kuitwa

KUCCPS inakupa nafasi ya kusoma. Pesa ni maombi mengine kabisa: mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na ufadhili wa serikali huombwa peke yake, kwenye tovuti yake, na una tarehe zake. Kila mwaka nakutana na waliokuwa wakisubiri pesa ambazo hawakuziomba.

Pakua barua ya kujiunga kutoka kwa chuo na usome orodha ya mahitaji. Kwa kozi hizi utahitaji koti jeupe la maabara la pamba lenye mikono mirefu. Usinunue la nailoni, maana likishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nunua miwani ya kukinga macho, kikokotoo cha kisayansi, viatu vilivyofunika vidole, na daftari gumu la maabara. Daftari la waya halifai kwa kazi hiyo, kwa sababu kurasa zake huchomoka na matokeo yako hupotea.

Ukiripoti na ukaona kweli umekosea kozi, usingoje muhula uishe. Siku ya kwanza ya wiki ya kwanza nenda ofisi ya msajili wa masomo uulize tarehe za uhamisho, ukiwa na matokeo yako na pointi za kozi unayoitaka. Uhamisho hutazama kama ulifikia kiwango cha mwaka huo na kama kuna nafasi iliyobaki. Dirisha lake ni fupi.

Na ukiona uko mahali pako, fika kwenye zoezi la kwanza la maabara dakika kumi kabla, ukiwa umesoma karatasi ya maelekezo, ili ukisimama mbele ya bureti ujue kwa nini umeishika.